Nyota ya Kichina: Wewe ni Mnyama Gani? Na Kwa Nini Otieno na Akinyi Walishajua Kitambo

Ferdinand Omanyala alizaliwa Januari 2, 1996. Ukiingia mtandaoni ucheki zile chati za nyota za Kichina, mwaka 1996 umeandikwa Panya. Inaingiana poa sana, ama? Panya ni mwepesi, na huyu msee ndiye alipiga mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani Septemba 2021, rekodi ya Afrika.

Shida ni moja tu. Omanyala si Panya. Omanyala ni Nguruwe.

Tuliza boli kwanza, sijamtusi mtu. Ngoja nikupange, juu hii ndiyo sehemu wengi huanguka, na kama ulizaliwa Januari ama mwanzo wa Februari kuna uwezekano miaka yote umekuwa ukijiita mnyama wa jirani.

Mwaka wa Kichina hauanzi Januari mosi. Unafuata mwezi, ule wa angani, kwa hivyo kila mara unaanza siku tofauti, kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka wa Panya wa 1996 ulianza Februari 19. Mtu wa Januari 2 alikuwa bado ndani ya mwaka uliopita, na uliopita ulikuwa wa Nguruwe. Faith Kipyegon naye ni wa Januari 10, 1994. Chati zitasema Mbwa, lakini Mbwa alianza Februari 10 mwaka huo, so Faith ni Jogoo. Na Baba mwenyewe, marehemu Raila Odinga? Januari 7, 1945. Watu wataandika Jogoo haraka haraka, kumbe mwaka wa Jogoo ulianza Februari 13. Baba alikuwa Nyani, na Wachina wanasema Nyani ni yule mtu anajua kutoka kwa kona yoyote unayomfungia. Wacha niachie hapo, wenye siasa wamalizie.

Piga hesabu yako

Hutaki programu, hutaki kulipa mtu. Wanyama ni 12 na wanazunguka, mmoja kila mwaka, halafu wanaanza tena. Mimi niliacha chuo njiani lakini hii hesabu ni ya darasa la tatu, hata kama ulikuwa unatoroka hesabu utaiweza.

Kama umezaliwa kuanzia 1992, toa 1992 kwa mwaka wako. Kama umezaliwa kati ya 1980 na 1991, toa 1980. Jibu likizidi 11, toa 12 tena. Namba utakayobaki nayo ndiyo mnyama wako:

0 Nyani, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe, 4 Panya, 5 Ng'ombe, 6 Simbamarara, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi.

Tuseme wewe ni wa 2003. Toa 1992, unabaki na 11, wewe ni Mbuzi. Wa 2006? Unabaki na 14, toa 12, ni 2, Mbwa. Wa 1987? Toa 1980, ni 7, Sungura. Imeisha.

Sasa wale wa Januari na Februari, hii ni yenu. Hizi ndizo siku mwaka wa Kichina ulianza. Ukizaliwa kabla ya hiyo tarehe, rudi nyuma mnyama mmoja.

1990 Januari 27, 1991 Februari 15, 1992 Februari 4, 1993 Januari 23, 1994 Februari 10, 1995 Januari 31, 1996 Februari 19, 1997 Februari 7, 1998 Januari 28, 1999 Februari 16, 2000 Februari 5, 2001 Januari 24, 2002 Februari 12, 2003 Februari 1, 2004 Januari 22, 2005 Februari 9, 2006 Januari 29, 2007 Februari 18, 2008 Februari 7.

Kuna kitu kingine juu ya mnyama. Wachina wako na vitu vitano: chuma, maji, mti, moto na udongo. Angalia namba ya mwisho ya mwaka wako. 0 na 1 ni chuma, 2 na 3 ni maji, 4 na 5 ni mti, 6 na 7 ni moto, 8 na 9 ni udongo. Wanyama 12 wakizungushwa na hivyo vitano, mzunguko wote unachukua miaka 60 kurudi mahali ulianzia. Barack Obama, Agosti 1961, ni Ng'ombe wa chuma. Tom Mboya, Agosti 1930, yule amelala Rusinga, alikuwa Farasi wa chuma. Na hapa watu wa Migori watege sikio: lile neno la Kichina la chuma ndilo hilo hilo la dhahabu. Wa 2000 na 2001, ninyi ni dhahabu tupu. Lakini usishuke shimo la Macalder eti juu nyota yako imekubali. Hayo mashimo yameporomokea wasee wa kila mnyama.

Hawa wanyama walitoka wapi

Stori yenyewe ukiisikia utadhani ni ya shosho yako. Mfalme wa mbinguni aliitisha mbio, wanyama wavuke mto, wale 12 wa kwanza wapewe kila mmoja mwaka wake. Fikiria Mto Kuja wakati umefura. Panya hawezi maji, so akamrukia Ng'ombe mgongoni, Ng'ombe akavuka na nguvu zake, na wakikaribia ukingo Panya akaruka mbele akawa namba moja. Ng'ombe akabaki wa pili na jasho lake. Kila mtu amewahi kufanya kazi ya kundi chuoni anajua hiyo hisia.

Paka hayumo. Wanasema Panya aliahidi kumwamsha asubuhi, akamwachilia alale. Ndio maana mpaka leo hawapatani. Lakini Vietnam, ambako pia wanafuata hii kalenda, Sungura hayuko, mahali pake amekaa Paka. Na kwa Ng'ombe wao wameweka nyati. Kwa hivyo ukiambiwa hii ni siri ya mbinguni isiyobadilika, jua watu walibadilisha kulingana na kile kilikuwa kwa boma lao.

Na inamaanisha nini

Nitaenda haraka kwa wale rahisi na nikae kwa wale wako na maneno.

Panya ni mjanja, anaona doo kabla ya wengine, na haachi shilingi ipotee. Ng'ombe anachapa kazi polepole bila kelele, lakini akikataa amekataa, hata umvute na kamba. Simbamarara ni mwenye roho ngumu na hasira ya karibu. Mbwa ni mwaminifu, rafiki wa kukutetea hata ukiwa na makosa, ila ana wasiwasi mwingi. Michael Olunga, Machi 1994, ni Mbwa. Jogoo anapenda kuonekana, anaongea ukweli bila kuupaka mafuta, na anaamka mapema. Mbuzi ni mpole, wa sanaa, anapenda watu wake. Victor Wanyama, Juni 1991, ni Mbuzi, na kama ulimwona akicheza katikati ya uwanja utajiuliza upole uko wapi.

Sungura ndiye atakuchanganya. Kwetu Sungura ni mkora. Katika hadithi za Waluo Apuoyo anadanganya mpaka ndovu, na kwa Kiswahili ni vilevile, Sungura mjanja. Kwa Wachina huyo huyo ni mtulivu, hapendi fujo, ana adabu, anaongea taratibu. Ule ujanja wote walimpa Panya na Nyani. Kwa hivyo wa 1999 akijitambulisha kama Sungura, mwulize kwanza, wa kwao ama wa kwetu?

Nyoka naye. Mtu akisikia ni Nyoka anashtuka, watu wa kanisa wanaanza kukemea. Wachina wanamwita mwenye hekima, anafikiria kabla ya kuongea, anaficha kadi zake. Lakini kabla ushangae, kumbuka Omieri. Yule chatu mkubwa wa Nyakach, hapo tu ukivuka kutoka Homa Bay kwenda Kisumu. Mwaka 2003 alipoonekana tena Wasare, watu walikuja kutoka mbali kumwona, wengine wakisema analeta mvua na mavuno, asiguswe. Mwaka 2003 kwa Kichina ulikuwa wa Mbuzi, so Omieri hakufuata kalenda. Mimi nasema tu, mtu wa Nyanza hana sababu ya kuonea Nyoka aibu.

Joka ndiye mnyama pekee ambaye hakuna mtu amewahi kumwona, na ndiye anapendwa kuliko wote. Bahati, nguvu, uongozi. Anapendwa mpaka watu wanapanga mimba. Kule Taiwan, Hong Kong na Singapore, miaka ya Joka kama 1988, 2000 na 2012 watoto walizaliwa wengi kuliko kawaida. Sasa fikiria hao watoto wakifika shule: madarasa yamejaa, na baadaye kazi ni zile zile. Bahati ikigawanywa kwa wengi inakuwa kitu kidogo sana.

Farasi anapenda uhuru, hakai mahali pamoja, anachoka na mtu haraka. Hapa kwetu farasi ni wa kwenye picha, wa kazi ni punda, yule anabeba mitungi ya maji kutoka ziwani. Khaligraph Jones, Juni 1990, ni Farasi.

Halafu Nguruwe. Kwa Wachina Nguruwe ni mali, shibe, roho safi, mtu asiye na kinyongo. Hakuna tusi hapo. Lakini jaribu kueleza hiyo Kendu Bay, mahali kuna msikiti wa kitambo upande mmoja na upande mwingine Gendia, ambako Waadventista walifungua misheni yao 1906. Hawa wawili hawakubaliani siku ya kuabudu lakini kwa nguruwe wako pamoja kabisa. Ukiwa umezaliwa huko 1995 ama 2007, sema tu hukumbuki mwaka wako. Ama uwaambie uko na Lupita Nyong'o, Machi 1983, na Divock Origi, Aprili 1995. Na Omanyala.

Sasa tuje kwa Otieno

Hii ndiyo sehemu ilinifanya niandike hii kitu. Wasee wengi wanajua mnyama wa mwaka peke yake. Lakini Wachina wa kale waligawa pia siku nzima kwa wanyama wale wale 12, kila mmoja saa mbili. Mnyama wa mwaka ndiye watu wanaona ukiwa nje. Mnyama wa saa, wanasema, ndiye wewe wa ndani, yule anatoka ukiwa keja peke yako.

Kwa hivyo mtu wa Beijing akitaka kujua nyota yake kamili, lazima amuulize mathake, nilizaliwa saa ngapi? Na wengi hawajui.

Mluo hana hiyo shida. Saa yake iko kwa jina.

Hebu tuziweke pamoja. Alfajiri, saa kumi na moja hadi saa moja, Wachina wanaita saa ya Sungura. Huyo ni Omondi ama Amondi. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ni Joka: Okinyi na Akinyi. Yaani kila Akinyi unayemjua ana Joka ndani, na ukifikiria vizuri utaona hakuna uwongo hapo. Saa tatu hadi saa tano, jua linapanda, ni Nyoka: Onyango na Anyango. Saa tano hadi saa saba, jua la utosi, ni Farasi: Ochieng' na Achieng'. Jioni, saa kumi na moja hadi saa moja, ni Jogoo, juu ndio wakati kuku wanarudi kulala. Huyo ni Odhiambo na Adhiambo, na ukienda boma yoyote Ndhiwa hiyo saa utapata kuku wanaingia kweli. Giza likiingia, saa moja hadi saa tano usiku, ni Mbwa kisha Nguruwe: Otieno na Atieno. Usiku wa manane kuendelea, Panya halafu Ng'ombe, ni Oduor na Awuor.

Watu wawili waliokuwa mbali hivyo, mmoja kando ya Mto Manjano, mwingine kando ya Nam Lolwe, wote waliamua saa uliyotokea duniani ni kitu cha kubebwa maisha yote. Tofauti ni kwamba mmoja aliiweka kwa chati, mwingine akaiweka kwa jina ili hata mtoto asiyejua kusoma aijue.

Na jina la Kijaluo linaenda mbali kuliko saa. Okoth na Akoth walikuja na mvua. Okech alikuja wakati wa njaa. Opiyo na Odongo ni mapacha, wa kwanza na wa pili, na Okello ndiye aliwafuata. Owino kitovu kilimzunguka shingo. Ouma alitoka kifudifudi. Oyoo mathake hakufika hospitali, barabara ilimtosha. Baba yake Origi, Mike Okoth, yule alichezea Harambee Stars, jina lake limebeba hali ya hewa mpaka Ubelgiji. Hakuna mnyama wa Kichina anaweza kukuambia hivyo vyote.

Lakini usikimbie na hii hesabu bila kufunga kamba za viatu. Kwanza, siku hizi jina la baba limekuwa la ukoo. Mercy Otieno pengine alizaliwa saa sita mchana, Otieno ni wa budake. Pili, kuna nying juogi, jina la wahenga. Mtoto analia usiku kucha, wazee wanataja majina ya waliotangulia, akinyamaza kwa jina fulani, hilo ndilo lake. Ama jamaa aliyekufa anakuja kwa ndoto ya mtu anaitisha jina lake. Hapo unaweza kuitwa Ochieng' na ulizaliwa saa nane usiku. So kabla ujiite Farasi wa ndani, piga simu nyumbani uulize jina lako ni la saa, la mvua ama la mtu.

Na Migori si ya Wajaluo peke yao. Panda mpaka Kehancha. Wakuria wako na mzunguko wao pia, na huu unaenda kwa vizazi badala ya miaka. Pande mbili, kila upande majina manne: Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina upande mmoja, Chuma, Nyangi, Mairabe na Gini upande mwingine. Lako linatoka kwa la babako, hulichagui, na majina yakiisha yanarudi mwanzo, mjukuu wa mjukuu anajipata kwa jina la mzee aliyesahaulika. Mchina anazunguka kwa miaka 12, Mkuria anazunguka kwa vizazi vinne. Mwenye haraka ni nani hapo?

Usichanganye hii yote na zile nyota za pwani, za Mizani, Nge, Mashuke na wenzao, zile marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Tanzania alikuwa maarufu nazo. Hizo zinaenda kwa tarehe na mwezi wa kuzaliwa. Unaweza kuwa Nge na Nguruwe kwa mpigo, na bado uamke Jumatatu uende job.

Mambo ya mapenzi

Najua ndio ulikuwa unangojea. Sheria ni rahisi. Wanaopatana wanapishana miaka minne: Panya, Joka na Nyani ni kikundi kimoja. Ng'ombe, Nyoka na Jogoo. Simbamarara, Farasi na Mbwa. Sungura, Mbuzi na Nguruwe. Wanaogongana wanapishana miaka sita: Panya na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Simbamarara na Nyani, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe.

Sasa fanya hesabu uone vile hii kitu ni ya kuchekesha. Mtu aliyekuzidi miaka 12 ama 24 ni mnyama wako kabisa. Yaani kama uko na mubaba wa miaka 46 na wewe una 22, nyota zenu ni moja. Usimwonyeshe hii, atakuja nayo kwa mazungumzo.

Na upande ule mwingine, kuna watu huachana kwa hii. Msee anacheki chati, anaambiwa mpenzi wake ni Jogoo na yeye ni Sungura, anaanza kuona kasoro zilizokuwa hazipo. Kenya hii inazaa zaidi ya watoto milioni moja kila mwaka. Wote hao ni mnyama mmoja. Darasa lako zima la form four karibu wote mlikuwa mnyama mmoja ama wawili. Hebu wakumbuke vizuri. Yule wa mstari wa mbele, yule wa nyuma, yule alikuwa akiuza mandazi bwenini, yule sasa ni pasta. Kama mnyama angekuwa anaamua tabia, matokeo ya KCSE yangekuwa yanatoka sawa.

Mimi naichukua kama stori ya kuanzisha mazungumzo. Ukikutana na Mchina wa barabara ama wa migodini Nyatike, na wamekuwa wengi pande hizi, mwulize yeye ni mnyama gani. Uso unafunguka. Ni njia ya adabu ya kujua mtu ana miaka mingapi bila kumuuliza, na wao wenyewe huitumia hivyo.

Kuhusu nyota iliyofungwa

Hapa sichezi. Kuna watu wamejaza mitandao na makundi ya WhatsApp, wanakuuliza tarehe ya kuzaliwa na jina la mamako, halafu wanarudi na habari kwamba nyota yako imefungwa. Ndio maana hupati kazi. Ndio maana biashara ya omena imeenda chini. Lakini inaweza kusafishwa, tuma kitu kidogo. Ukituma, wanagundua imefungwa na watu wawili.

Nyota ya Kichina ni kutoa 1992. Hakuna mtu anaweza kufunga hesabu ya kutoa. Akikuambia wewe ni Joka na ulizaliwa Januari 2000, mwulize mwaka ulianza siku gani. Akishindwa kusema Februari 5, huyo hata kalenda hana. Na hizo taarifa anazoitisha, tarehe, jina kamili, la mathako, ni zile zile mtu anatumia kukuingilia kwa simu na kwa akaunti. Usimpe.

Kitu kingine cha maana ambacho hii hesabu inaweza kuibua ni ID yako. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani, cheti kikaja miaka baadaye, na tarehe iliyoandikwa ilikuwa ile chifu alipewa siku hiyo. Wengine walipunguziwa mwaka ili wacheze mpira wa shule, wengine waliongezwa ili wachukue kitambulisho mapema. Ukimuuliza mathe, "nilizaliwa mwaka gani kweli," na akacheka kwanza, jua kuna stori. Tafuta kadi ya kliniki kama bado iko kwa sanduku. Muulize jina lako, mvua ilikuwa inanyesha, El Niño ya 1997 ilikuwa imefika, Obama alikuwa ameshinda? Wale wa Novemba 2008, wakati Nyanza ilijaa kina Barack na Michelle, hao hawana shaka, ni Panya wa udongo na wanatimiza 18 mwaka huu. Wewe ukipata cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na karatasi za shule hazisomi siku moja, nenda ofisi ya usajili wa raia mapema, kabla ya kuhitaji pasipoti. Wakati wa kuhitaji ndio foleni huwa ndefu.

Mwaka huu sasa

2026 ni Farasi, ulianza Februari 17. Kama wewe ni Farasi, yaani 1990 ama 2002, usianze kusherehekea. Wachina wanaamini mwaka wa mnyama wako mwenyewe ni mwaka wa mikosi, unapita mbele ya macho ya wakubwa wa mbinguni na wanakuona vizuri sana. Dawa yao ni kuvaa nyekundu mwaka mzima, mkanda, soksi, mpaka chupi, na inafaa zaidi ukinunuliwa na mtu mwingine.

Tena huyu si Farasi wa kawaida, ni Farasi wa moto, yule anakuja mara moja kwa miaka 60. Mara ya mwisho ilikuwa 1966. Japani waliamini msichana akizaliwa mwaka huo atakuwa mkali kiasi cha kummaliza mumewe, na watu wakaogopa kweli: mwaka huo watoto walizaliwa pungufu kwa karibu robo wakilinganishwa na 1965, halafu 1967 wakarudi kama kawaida. Nchi nzima, na hospitali zake na treni za kasi, iliahirisha watoto kwa ajili ya farasi. Wale wasichana waliozaliwa licha ya hayo walikuwa na bahati moja ambayo hakuna mtu aliitabiri. Darasani walikuwa wachache.

Huku kwetu mtoto wa mwaka huu, akizaliwa Oyugis saa sita mchana, ataitwa Ochieng' ama Achieng'. Farasi nje, Farasi ndani, na moto juu. Mathake ajipange. Na wewe wa 2002, kama ulizaliwa kabla ya Februari 12, wewe ni Nyoka, mwaka wako wa mikosi ulikuwa 2025 na umeshapita. Hizo chupi nyekundu waachie wengine.